Maji ya Rejeta Njiani kwa Mzee Harlan

Rejeta ya gari langu ilipasuliwa na barafu niliyoitia mwenyewe. Niliitia ikiwa bado maji, kutoka kwenye dumu la lita tano, nikiwa nimesimama Wheaton, Maryland, nimevaa sweta nyepesi. Ilipoganda nilikuwa mlimani, katika jimbo lile lile, mwendo wa saa tatu hivi kutoka nyumbani kwangu. Maili tano mbele yangu mzee mmoja aliyeitwa Harlan alikuwa akitegemea oksijeni ya mtungi wake wa akiba. Mitungi yake mipya ilikuwa nyuma ya gari langu, imefungwa kwa mikanda kama nilivyofundishwa, na haikuwa inakwenda popote.

Wanangu, nyinyi mnaoanza kazi ya kupeleka mashine na mitungi majumbani kwa wagonjwa, mmeniomba niwaeleze kazi ilikuwaje siku zetu. Yako mengi ya kuchekesha na nitayagusa. Lakini naanza na rejeta, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha yote mengine, na kwa sababu hadi leo nikiikumbuka mikono inakufa ganzi.

Nilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini. Kabla yake nilikuwa nahudumia wazee College Park, kuwaosha na kuwalisha, hadi mgongo ukakataa. Kampuni niliyohamia ilikuwa ndogo na imekwisha kufungwa. Bohari yake ilikuwa Wheaton, nyuma ya maduka, na kazi yake ilikuwa kupelekea watu oksijeni. Kuendesha gari nilikujua tangu kwetu Kinangop, Kenya. Nilikuwa nikishusha viazi na kabichi sokoni Nairobi kwa pikapu ya marehemu mume wangu, na ile pikapu ilikunywa maji kuliko ng'ombe. Ulikuwa hutoki nyumbani bila dumu. Ukifika mwinukoni unasimama, unangoja ipoe, unafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, unamimina, unaendelea. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja na pikapu haikunilaza njiani hata mara moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hamisi, Mtanzania wa Lushoto, dereva mkongwe kuliko wote pale. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia yake ya kufuma hakuivua hata Julai. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya mitungi akasema, "Mama Kui, mgonjwa wa malaria atatetemeka, utamwona. Wa jeraha atalia, utamsikia. Huyu wa oksijeni akiishiwa ananyamaza. Kwa hiyo usingoje kelele."

Alinifundisha kusoma geji, kipimo cha hewa ya mtungi, kwa kuigonga kidole kwanza, maana sindano hukwama. Alinifundisha kulaza mtungi usibingirike, na kutouweka karibu na jiko hata mwenye nyumba akisihi. Alinifundisha kuandika. Kila asubuhi tulikuwa na karatasi ya gari: magurudumu, oili, maji, breki, taa. Unakagua, unaandika "sawa", unatia sahihi. Mimi napenda karatasi iliyonyooka. Zangu zilikuwa nadhifu kiasi kwamba msimamizi alibandika moja ukutani iwe mfano. Kumbukeni hilo.

Kampuni ilikuwa na wateja wachache katika Kaunti ya Garrett, ile ya mwisho kabisa magharibi mwa Maryland. Hakuna dereva aliyeitaka njia hiyo. Mzee Hamisi aliifanya miaka mitatu, magoti yakagoma. Alipouliza nani ataichukua, nikanyoosha mkono.

"Kule kuna baridi," akasema.

"Mzee, mimi nimezaliwa Kinangop. Nimekamua ng'ombe kwenye umande unaouma kama siafu."

"Na mimi nimezaliwa Lushoto, tunavaa makoti Krismasi. Nilipofika kule nililia."

"Labda ni Lushoto ndiyo ina joto."

Akacheka. "Haya, mtoto wa viazi. Nenda ukatusalimie."

Safari ya kwanza ilikuwa Oktoba. Nilitoka Wheaton jua linawaka, dirisha liko wazi, majani ya miti ndiyo kwanza yanageuka rangi. Nilipita Frederick, nikapita Cumberland, barabara ikaanza kupanda. Baada ya mji wa Frostburg inapanda kwelikweli, kama mtu anayekwea ngazi bila kupumzika, na katika zile maili chache za kupanda nilishuhudia jambo ambalo sikulitarajia. Mvua nyepesi iligeuka chembe nyeupe. Chembe zikageuka pamba. Nilipofika juu miti ilikuwa haina jani hata moja, na mashamba yote yalikuwa meupe. Nilisimama kando ya barabara nikashuka. Nilikuwa na viatu vya wazi. Nilitazama saa yangu, nikatazama ramani, nikidhani nimevuka jimbo. Sikuwa nimevuka.

Mzee Harlan ndiye aliyenieleza. Yeye na mkewe, Bi. Edna, waliishi juu ya kilima upande wa Oakland, katika nyumba ya mbao yenye paa lililosimama wima ili theluji iteleze. Alikuwa amelima viazi maisha yake yote. Ndiyo, wanangu, kule wanalima viazi, na siku nilipomwambia kwetu Kinangop tunalima viazi hakuniachia niondoke hadi nimtajie ukubwa wa shamba, rangi ya udongo, na wadudu tulio nao. Mpira wa oksijeni ulikuwa puani mwake na bado aliongea kuliko mimi.

"Upepo unatoka kule," alisema, akinionyesha kaskazini-magharibi kwa kijiko. "Unapita juu ya maziwa makuu, unabeba maji. Unafika kwenye mlima wetu, unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na mzigo wote unatuangushia sisi. Watu wa kwenu huko bondeni wanabakiwa na upepo mtupu."

"Na mnaanza kuona theluji lini?"

"Oktoba. Mwaka mwingine na Mei inatukuta."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama Bi. Edna, ambaye hakuwa mtu wa utani, naye akatikisa kichwa kukubali huku akifuma. Baadaye nilijionea. Nimekuta baridi ya kuua miche mwezi wa tano. Nimelala chini ya blanketi mbili Julai, wakati kwetu bondeni, mjini Bowie, watu walikuwa hawalali kwa joto. Kando ya barabara zao wanasimamisha nguzo ndefu za kuonyesha ukingo wa lami uko wapi, na nilipoziona mara ya kwanza nikauliza ni za waya gani. Januari nikaelewa. Theluji ilikuwa imefika karibu na ncha zake.

Mzee Harlan alilishika jina la Kinangop siku ile ile, na alilitamka vizuri kuliko watoto wangu waliozaliwa hapa. Kila nilipoingia alianza nalo. "Kinangop. Viazi vinaendeleaje?" Nami nilimjibu kana kwamba nimetoka shambani asubuhi hiyo.

Sasa, rejeta.

Mwezi wa Novemba gari langu lilianza kupunguza maji. Si sana, kikombe leo, kikombe keshokutwa. Dereva aliyezaliwa hapa angeandika kwenye karatasi, fundi aangalie. Mimi niliona aibu kumpelekea mtu kikombe cha maji. Nilitafuta dumu, nikalijaza bombani pale bohari, nikaliweka nyuma ya kiti. Kila nilipoona maji yameshuka, nilimimina. Kisha nikaandika kwenye karatasi: "Maji: sawa." Yalikuwa sawa kweli. Yalikuwa juu ya alama.

Nisichokijua ni kwamba hapa Marekani kile kilichomo ndani ya rejeta si maji matupu. Ni maji yaliyochanganywa na dawa ya kijani inayozuia kuganda. Kila kikombe nilichotia kiliipunguza dawa ile nguvu. Nilikuwa nimeiona rangi ya kijani ikipauka, na nikasema moyoni, afadhali, inasafika.

Mzee Hamisi aliliona dumu. Hili nalo lazima niliandike, kwa sababu yeye mwenyewe alilirudia mara nyingi kabla hajafariki. Bomba la ndani ya bohari lilikuwa mbali na kona aliyokuwa akiswalia. Aliliona dumu nyuma ya kiti changu, akaniuliza, "Haya maji ni ya nini?"

"Ni ya kazi, mzee. Ukiyahitaji chukua."

Akayachukua. Tangu siku hiyo alikuwa akichukulia udhu maji ya dumu langu, ananirudishia limejazwa, na ananiombea dua. Alidhani nimeliweka kwa ajili yake. Mimi nilidhani anajua ni la rejeta na hana neno. Miezi miwili dumu moja lilifanya kazi mbili, na kila mmoja wetu aliona heshima kutouliza zaidi.

Wheaton haikunisuta. Desemba ile ilikuwa ya mvua na ukungu, watu wanapita na miavuli. Hata milimani, safari mbili za mwezi huo ziliangukia siku za upole. Bahati ya namna hiyo ni mbaya kuliko mkosi, maana inakupa ushahidi kwamba unajua.

Januari nilikwenda kwa safari ya siku mbili kama kawaida: siku ya kwanza nahudumia wateja wa njiani, nalala nyumba ya wageni Grantsville, siku ya pili namalizia wa upande wa Oakland. Nilitoka Wheaton kukiwa na manyunyu. Usiku upepo wa Mzee Harlan ulifika. Asubuhi nilipofungua mlango hewa iliniingia puani kama sindano na kila unywele wa pua ukasimama. Theluji ilikuwa kavu. Ukiikanyaga inalia kama kiti kibovu. Nilijifunza siku ile kwamba theluji ikilia chini ya kiatu, baridi si ya mchezo.

Saa moja asubuhi nilimpigia Bi. Edna simu.

"Habari za huko, mama?"

"Tuko salama. Theluji imeanguka kidogo."

"Mzee je?"

"Hajambo. Usikimbie, barabara mbaya."

Nikakata simu. Nikanywa chai ya pili.

Hapo, wanangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo mama yangu angenichapa kwalo. Sisi tunajua kwamba salama ya kwanza ni kiti tu anachopewa mgeni. Kwetu mtu atakwambia habari ni nzuri hata kama ng'ombe amekufa usiku. Unauliza ya wazee, unauliza ya watoto, unauliza ya mifugo, na ya nne ndiyo inayotoa habari yenyewe. Lakini nilikuwa nimekaa Marekani vya kutosha kuamini kwamba hapa mtu akisema yuko salama amemaliza. Nilisahau kwamba watu wa mlimani ni watu wa mlimani popote walipo. Bi. Edna alikuwa hana umeme tangu jana yake mchana. Mashine inayomchujia mzee hewa ilikuwa imezimika. Alikuwa anategemea mtungi wa akiba, na mtungi ule ulikuwa nusu, maana umeme ulikwisha kukatika wiki iliyotangulia. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mwingine. Kwa nini hakusema? Aliniambia baadaye, "Ulikuwa umekwisha sema unakuja."

Na mimi simu ilivyolia nikaona ni dalili kwamba taa zinawaka. Simu za waya zina umeme wake zenyewe. Uliza taa. Daima uliza taa.

Niliondoka saa mbili na nusu. Karatasi ya siku ile ninayo. Imeandikwa "Maji: sawa." Nilitazama chupa ya plastiki ya maji ya rejeta, maji yalikuwa kwenye alama. Sikuitikisa. Kama ningeitikisa ningeona hayatikisiki.

Injini iliwaka kwa taabu, nikaishukuru. Baada ya maili kadhaa sindano ya joto ilianza kupanda. Sikuelewa. Nje baridi inapasua mawe, ndani injini inaungua. Nikasimama kando ya nguzo ndefu, nikafungua boneti. Mvuke ulitoka juu, na chini ya mvuke rejeta ilikuwa imevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ilikuwa imechanika upande mmoja, na kwenye mchaniko huo palitokeza barafu, ya kijani iliyopauka, ndiyo iliyozuia maji kuzunguka. Niliigusa kwa kidole bila glovu. Sijawahi kuduwaa vile. Nilikuwa nimefiwa, nimevuka bahari, nimeshika mikono ya watu wanaokata roho, na hakuna kilichonishangaza kama kuona maji yangu mwenyewe yamesimama hivyo.

Simu ya mkononi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo mlima ule haukuwa na mtandao. Nilingoja. Niliandika saa kwenye daftari: saa tatu kasoro dakika tano.

Saa nne na robo lilikuja lori la kusukuma theluji. Dereva wake aliitwa Dale, kijana mwenye ndevu zilizojaa barafu. Akatazama boneti, akatazama rejeta, akanitazama.

"Umetia nini humu?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Maji ya bomba."

Aliiinamia tena rejeta kama mtu aliyeambiwa nimetia supu. "Mama, hapa hata mbwa wetu hatuwapi maji matupu nje Januari." Kisha akaiona mitungi. "Hiyo ni ya nani?"

"Mzee Harlan."

Uso wake ukabadilika. "Kilima kile hakina umeme tangu jana."

Tulipakia mitungi minne ndani ya kibanda cha lori, miwili chini ya miguu yangu, miwili mapajani, na tukaenda taratibu huku theluji ikiruka kando kama unga. Njia ya kupandia kwa Mzee Harlan ilikuwa imezibwa na mti ulioanguka na waya wa umeme. Dale alijua pa kupitia. Alitoa turubai, tukalaza mtungi mmoja juu yake, tukauburuta uwandani, yeye mbele, mimi nyuma nikiushika usibingirike. Theluji ilinifika kiunoni. Nilikuwa naona moshi wa bomba la jiko na nilikuwa nahesabu hatua, maana nikiacha kuhesabu nilikuwa nawaza.

Mlango haukuwa umefungwa. Mzee Harlan alikuwa chumba cha nyuma, mbali na jiko la kuni, kwa sababu mimi ndiye niliyewakataza kukaa na mtungi karibu na moto. Amefunikwa mablanketi yote ya nyumba hadi kidevuni. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Macho yamefumbwa nusu. Alikuwa anavuta, lakini kidogo, kwa juu juu. Bi. Edna amekaa kando yake, ameushikilia mpira puani mwake kwa vidole viwili, kana kwamba tatizo ni mpira kuteleza.

Nilipiga magoti, nikaigonga geji kwa kidole. Sindano ilikuwa sifuri. Nikaigonga tena.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Sijui."

"Mama, tangu lini?"

"Niliitazama alfajiri ikiwa chini. Baadaye sikuitazama." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Niliogopa kuitazama."

Mikono yangu ilikuwa haina hisia. Nilishindwa kushika spana, Dale akaishika, nami nikamwelekeza: kulia, bado, sasa fungua. Tukasikia hewa. Nikamwekea mzee mpira mpya. Zilipita dakika, siwezi kusema ngapi, hiyo ndiyo sehemu pekee ya siku ile ambayo sikuandika saa. Rangi ilianza kurudi, masikio kwanza, kisha midomo. Gari la wagonjwa, aliloliita Dale kwa simu ya nyumba ile, lilifika baada ya adhuhuri, likiongozwa na lori la pili.

Aliishi. Nawaambieni hilo ili msikae mmeshika roho. Aliishi miaka mitatu zaidi.

Wheaton nilimweleza msimamizi kila kitu kabla fundi hajaniumbua. Nilidhani nimefukuzwa. Mzee Hamisi aliingia bila kubisha, akasimama kando yangu, akasema, "Na mimi uniandike. Maji yale niliyashika kwa mikono yangu kila nilipotia udhu na sikuuliza." Msimamizi hakumfukuza yeyote. Siku iliyofuata karatasi yangu ilitolewa ukutani, na tangu hapo magari yote yalipimwa dawa ya rejeta kabla ya kupanda mlima. Niliifanya njia ile miaka mingine minane. Dumu nililiacha bohari, kwa Mzee Hamisi.

Nilirudi kwa Mzee Harlan mwezi wa pili, umeme upo, mashine inanguruma. Nimekaa mlangoni nikikung'uta viatu, nikingoja aanze yeye. Hakuanza. Nikasema mwenyewe, "Mzee, viazi vya Kinangop vinakusalimu."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni, akamgeukia mkewe. "Huyu mama ni nani?"

Bi. Edna akaendelea kufuma. Daktari alikuwa amemwambia kwamba inawezekana ni zile saa bila hewa, na inawezekana ni usahaulifu wa uzee, uliokuwa tayari unamjia. Nilimuuliza daktari huyo mwenyewe nilipokutana naye. Alisema ingetegemea mtungi ulikuwa mtupu kwa muda gani.

Daftari langu bado ninalo. Kutoka Grantsville, saa mbili na nusu. Gari kusimama, saa tatu kasoro tano. Dale, saa nne na robo. Mlangoni kwa mzee, saa tano na dakika kumi. Juu ya mistari hiyo niliacha mstari mmoja wa kuandika saa ambayo sindano ya mtungi ilifika sifuri, kama ilikuwa kabla sijainuka kwenye chai yangu ya pili au baada ya gari kusimama. Nilimuuliza Bi. Edna mara tatu, kwa miaka mitatu, na kila mara alijibu kwamba hakuitazama. Mstari ule hauna kitu.